Acheni kufomati kompyuta za watu kabla barua pepe zao hazijafunguka kwingine!

Wakuu, naufungua uzi huu kwa hasira na wala siifichi. Tangu Windows 10 ikome kupewa msaada wa bure tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi zinapigwa mfumo upya, na kilio ni kile kile: picha zipo, nyaraka zipo, ila barua pepe za miaka minane hazionekani. Ukiuliza kilikopiwa nini, unajibiwa Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Diski ikafutwa. Mwenye mashine akilalamika anaambiwa, "Mbona nilikopi kila kitu?"

Hukukopi kila kitu, fundi. Ulikopi folda nne zinazoonekana kwa macho. Barua, anwani, nywila, saini na mipangilio ya programu hukaa ndani ya C:\Users\jina\AppData, na Windows huificha folda hiyo makusudi. Usipowasha uonyeshaji wa vitu vilivyofichwa, au usipoandika %APPDATA% kwenye upau wa anwani, hutaiona kamwe. Mtu anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kulijua hilo kabla hajagusa mashine ya mtu.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kauli ya "barua ziko kwenye seva, zitarudi zenyewe." Zitarudi kama akaunti ni ya IMAP, yaani ile inayoacha barua kwenye seva na kompyuta ikaweka nakala tu, na kama mhusika hakuzihamishia barua za zamani kwenye folda za kompyuta ili kupunguza mzigo wa seva. Akaunti ya POP3 ina tabia nyingine kabisa. Inapakua barua, na mara nyingi imepangwa kuzifuta kwenye seva baada ya siku 14. Zilizotumwa kwa kawaida hazikai kwenye seva, ziko kwenye diski ile unayotaka kuifuta. Kwa hiyo kabla ya lolote, fungua mipangilio ya akaunti utazame: mlango (port) 993 au 143 ni IMAP, 995 au 110 ni POP3. Ni kazi ya dakika moja. Mbona haifanywi?

Hata IMAP ina mtego wake. Nakala iliyo kwenye kompyuta ni kioo cha seva. Kama kisanduku cha seva kimeshafutwa, tuseme mtu ameacha kazi na akaunti yake ikasafishwa, ukifungua profaili ya zamani (folda yenye barua na mipangilio yote ya programu) huku mtandao umewaka, programu itasawazisha na seva na kuziondoa hata zile ulizokuwa nazo. Chomoa waya, zima Wi-Fi, ndipo ufungue. Kisha buruta barua zote kuzipeleka kwenye folda za ndani kabla hujarudisha mtandao. Utaokoa tu zile zilizopakuliwa nzima. Zilizopakuliwa vichwa vya barua peke yake zimekwenda.

Sasa Thunderbird, ile programu ya barua pepe, ambako uharibifu hauna kisingizio chochote maana kila kitu kiko sehemu moja. Kwenye Windows ni %APPDATA%\Thunderbird, na ndani yake kuna profiles.ini, installs.ini na folda ya Profiles. Funga programu kabisa, uhakikishe kwenye orodha ya michakato kwamba haiendeshwi kwa nyuma, ndipo ukopi folda nzima. Sio vipande. Nzima. Watu wanachukua folda ya Mail peke yake halafu wanashangaa anwani zimepotea. Anwani ziko kwenye abook.sqlite na history.sqlite. Nywila ziko kwenye logins.json, na ufunguo wake uko kwenye key4.db, kimoja bila kingine hakina faida. Kama mtu anasaini au kufumba (encrypt) barua, vyeti viko kwenye cert9.db, na funguo za OpenPGP, mtindo mwingine wa kufumba barua, nazo zimo humo humo kwenye profaili. Ukiupoteza ufunguo wa siri, barua zilizofumbwa zitakuwepo na hazitasomeka tena.

Ndani ya Mail na ImapMail kila folda ya barua ni faili moja lisilo na kiambishi mwishoni: Inbox, Sent na kadhalika. Pembeni yake kuna faili la .msf, ambalo ni faharasa tu. Barua zikionekana kuchanganyikana baada ya kuhama, funga programu, futa .msf, fungua tena, itajengwa upya. Tafadhali usilifute lile lisilo na kiambishi kwa kudhani ni takataka! Na popstate.dat usiliache. Ndilo linalokumbuka barua zipi za POP3 zilishapakuliwa. Likikosekana, kila iliyobaki kwenye seva inapakuliwa mara ya pili, na mwenye akaunti anaamkia nakala mbili mbili.

Kabla ya kukopi, bana folda zote (Compact Folders). Barua uliyoifuta haiondoki kwenye faili mpaka folda ibanwe, ndiyo maana unakuta Inbox ya GB 6 yenye barua za GB 2. Hapo ndipo flashi zinapowaumbua wengi: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili lolote linalofika GB 4. Windows inatoa onyo, mtu anabonyeza kuruka, kazi inaendelea, na faili lililorukwa ni Inbox yenyewe. Tumia NTFS au exFAT. Halafu ile njia ya kutoa profaili kama faili la zip kutoka ndani ya Thunderbird inaishia GB 2. Profaili ikizidi hapo, ni kukopi kwa mkono.

Kwenye mfumo mpya, sakinisha Thunderbird ya toleo lile lile au jipya zaidi. Ya zamani itakataa kufungua profaili iliyokwisha kuguswa na toleo jipya. Ifungue mara moja, ifunge bila kuweka akaunti yoyote, ndipo uweke folda yako mahali pake. Ukifungua ukakuta dirisha tupu, usianze kulia wala kusakinisha upya. Mara nyingi installs.ini imeielekeza programu kwenye profaili mpya tupu. Funga, endesha thunderbird -P, chagua ile ya zamani, imeisha. Kama mtu alishahamishia barua zake nje ya profaili, tuseme D:\Barua, basi prefs.js ina njia hiyo kamili, na kompyuta mpya isiyo na D: haitaona kitu. Tafuta mistari ya mail.server yenye directory uitazame kabla ya kufuta diski, maana hiyo D:\Barua nayo ilitakiwa kukopiwa.

Wa Linux nao wasijione wamepona. Njia ya kawaida ni ~/.thunderbird, lakini Ubuntu tangu 24.04 inaleta Thunderbird ya snap, aina ya kifurushi kinachojitenga na mfumo, na hiyo inasoma ~/snap/thunderbird/common/.thunderbird. Unarudisha profaili pale ulipozoea, programu inaanza tupu. Funga folda kuwa faili moja kwa tar ili ruhusa na wamiliki wa faili wabaki, kisha badili mmiliki kwa chown -R kwenda jina jipya.

Outlook ile ya kawaida ya Office ina vurugu zake. Faili la .pst (hifadhi ya barua inayojitegemea) linabebeka, la .ost (nakala ya kilicho kwenye seva) halibebeki. Rudia kusoma hapo. OST imefungwa na akaunti na mpangilio wa mashine ile. Ukiikopi peke yake, Outlook ya mashine mpya haitaifungua. Kama kuna kitu ndani ya OST ambacho seva haina tena, kitoe kwenda PST wakati mfumo wa zamani bado unawaka. PST za akaunti za POP3 tangu Outlook 2010 hukaa Documents\Outlook Files, lakini mashine iliyopandishwa toleo juu ya toleo inaweza kuwa nazo bado kwenye AppData\Local\Microsoft\Outlook. Usikisie, fungua orodha ya faili za data ndani ya mipangilio ya akaunti, itakuonyesha njia kamili ya kila moja. Saini ziko %APPDATA%\Microsoft\Signatures. Kanuni za kupanga barua zitoe kama faili la .rwz. Nywila za akaunti hazihami kabisa, kwa hiyo mwambie mteja mapema azitafute, asije akaambiwa saa ya kuchukua mashine. Na unapoweka akaunti ya POP3 upya, chagua kutumia faili la data lililopo. Ukiacha Outlook itengeneze jipya, barua mpya zinaingia huku na za zamani zinabaki kule.

Nywila za kivinjari ni kidonda kingine. Firefox inafuata mtindo wa Thunderbird, profaili ikihama na nywila zinahama. Chrome na Edge hapana. Kwenye Windows nywila zao zinafungwa kwa ufunguo unaolindwa na Windows yenyewe kupitia akaunti ya mtumiaji, na mfumo mpya unatengeneza akaunti mpya hata ukiipa jina lile lile na nywila ile ile. Unaikopi folda nzima ya Chrome, alamisho zinarudi, nywila ni sifuri. Dawa ni kusawazisha na akaunti ya mtandaoni, au kuzitoa kwenye faili la CSV kabla ya kufuta. Faili hilo linasomeka na yeyote. Ukimaliza kuingiza, lifute, na lisibaki kwenye flashi ya fundi hata saa moja.

Ujumbe wa simu: WhatsApp ya kompyuta ni kifaa kilichounganishwa na simu, utaunganisha upya na historia itatoka kwenye simu. Telegram iko kwenye seva zao, isipokuwa mazungumzo ya siri yanayobaki kwenye kifaa yalikofanyikia. Signal ya kompyuta inahifadhi historia yake humo humo ndani, na ufunguo wa hifadhidata unalindwa na mfumo wa uendeshaji, kwa hiyo kukopi folda usikutegemee. Unganisha upya na simu na ukubali kuhamishiwa historia. Inaleta maandishi, pamoja na picha na viambatisho vya siku 45 za karibuni. Ndiyo maana ni hatari kubwa kufuta simu na kompyuta katika wiki moja.

Sasa kukopi kwenyewe. Kuburuta kwa panya folda ya mtumiaji nzima ni ujinga, nasema wazi. Windows ikikutana na faili lililoshikwa inasimama katikati inakusubiri. Ingia kwa akaunti nyingine ya msimamizi, ili faili za mhusika ziwe hazijashikwa, kisha tumia robocopy, amri ya kukopi iliyomo ndani ya Windows:

robocopy C:\Users\jina E:\jina /E /XJ /COPY:DAT /DCOPY:DAT /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Bila /XJ itaingia kwenye viungo vya zamani kama Application Data vinavyojirudia ndani yake mpaka diski ijae. Bila /R na /W, robocopy inajaribu faili bovu mara 1,000,000 na kusubiri sekunde 30 kila mara. Wapo wanaosema "imeganda" kumbe inafanya ilichopangiwa. Ikiisha, soma ripoti, safu ya zilizoshindikana. Kama si sifuri, kazi haijaisha.

OneDrive nayo imewaponza wengi. Ikiwa imechukua Desktop na Documents, faili nyingi zenye alama ya wingu hazipo kwenye diski, ni majina tu. Ukichomoa diski ukaikopi kwenye mashine nyingine unapata magamba. Ziweke zote zibaki kwenye kifaa, subiri zishuke, ndipo ukopi. Na faili zilizofumbwa na Windows yenyewe, zile zenye alama ya kufuli, zinahitaji cheti chake: cipher /x kabla ya kufuta. Bila cheti, hata ukijimilikisha folda kwa takeown hazifunguki.

Tukiyajua yote hayo, kwa nini diski bado inafutwa siku ile ile? Mpangilio unaotakiwa ni huu: kopi, peleka nakala kwenye mashine nyingine au diski nyingine, fungua programu ya barua humo, tafuta barua ya zamani kuliko zote, fungua kiambatisho chake, tafuta iliyotumwa mwaka jana, angalia anwani. Kwa faili kubwa linganisha alama ya faili (hash) pande zote mbili kwa certutil -hashfile na SHA256; zikifanana, nakala ni sahihi. Mwenye barua awepo aangalie mwenyewe, maana fundi hajui folda ipi ilitakiwa iwepo.

Na kama pesa inaruhusu SSD mpya, weka mfumo mpya huko, diski ya zamani itolewe na ihifadhiwe jinsi ilivyo. Usitegemee Windows.old, folda ya mfumo wa zamani, mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10. Kabla ya kuitoa diski ya zamani hakikisha kama imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofumba diski nzima, na kama imefungwa, andika kwenye karatasi ule ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo, diski uliyoihifadhi kwa uangalifu wote haitasomeka kwenye mashine nyingine yoyote.

Mafundi mlioko humu, njooni mjibu: ni wangapi kati yenu mnaouliza "barua zako ni POP3 au IMAP?" kabla ya kubonyeza fomati?