MREJESHO: Muda wa kusubiri sasa unatoka sawa

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini sampuli zangu za mgawanyo wa kieksponenti (ule wa muda wa kusubiri tukio) zinatoa wastani wa karibu 0.2 ilhali nilitarajia 5. Mlioniambia nikasome upya maelezo ya NumPy (maktaba ya hesabu ya lugha ya programu ya Python), asanteni sana, kosa lilikuwa hapo hapo. Ile `exponential` yake inataka wastani, yaani 1/λ (λ ni kasi ya matukio, kwangu 0.2), na mimi nilikuwa naipa λ yenyewe. Kilichonichanganya ni `expovariate` ya Python niliyoizoea, maana hiyo inataka λ.

Sikuishia hapo. Nimeandika ya kwangu kwa kugeuza fomula ya mgawanyo limbikizi (uwezekano wa kusubiri muda usiozidi kiasi fulani): -log(1-u)/0.2, u ikiwa namba ya nasibu kati ya 0 na 1 inayotoka kwenye `random()`. Mkiandika yenu, tafadhali msiiondoe hiyo 1-u. Kihesabu log(u) inatoa mgawanyo uleule, ila `random()` inaweza kurudisha 0 kamili na kamwe hairudishi 1, na log ya 0 inaangusha programu.

Nimevuta sampuli 100,000: wastani 5.01, na namba ya katikati baada ya kuzipanga ni 3.46. Kinadharia ni 5 × ln 2, kama 3.47. Nimefurahi mno!