Pampu ya moyo iingie kwenye kitita cha bima?

Mzabibu: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya 2023. Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018. Kwa nini pampu ya kusaidia ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, iwe mwiko?

Mbuyu wa Nkuhungu: Kwa umeme upi? Betri zake masaa manne, TANESCO wakikata tunaanika turubai la msiba. Halafu mtu mwenyewe hana mapigo. Maiti inayotembea.

Fundi Kisasa: Masaa manne ni habari za betri za zamani. HeartMate 3, pampu ya kisasa ya aina hiyo, inabeba betri mbili, zikijaa zinafika masaa 17, na kidhibiti, kifaa kinachoiendesha, kina akiba ya dakika 15 hivi. Balaa ni kuchomoa zote mbili kwa mpigo. Toa moja, weka iliyojaa, hakikisha imeshika, ndipo uguse ya pili. Na hiyo "maiti" ifute.

Mbuyu wa Nkuhungu: Sifuti. Shika kiganja chake unambie umehisi nini.

Nesi Makole: Kaka Mbuyu, kiganja kiko kimya kwa sababu rota, kile kinachozunguka ndani ya pampu, inaelea kwa sumaku, mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika, inatoa damu kwenye ncha ya ventrikali kuipeleka aota, mshipa mkuu wa damu, bila kupumzika. Mashine ya presha ya kawaida itakudanganya au igome kabisa. Funga mkanda mkononi, weka Dopla, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, juu ya ateri, jaza upepo sauti ipotee, achia polepole. Sauti inaporudi, andika namba hiyo. Tunataka 70 hadi 90. Ikizidi, pampu inasukuma kwa shida na kiharusi kinanyemelea.

Mbuyu wa Nkuhungu: Presha ya namba moja! Nyingine mmemnyang'anya?

Mzabibu: Jamani, bima…

Mpita Njia: Mnabishania kiganja, kiangazi cha Dodoma mmekiacha. Jasho, kuhara, juu yake dawa za kukojoza: damu inapungua, pampu inaanza kufyonza ukuta wa ventrikali, mtiririko unashuka, alamu inalia. Asiyejua anaongeza kasi, anaharibu zaidi. Kasi hushushwa, maji yanarudishwa. Ila kwanza tazama shingo: mishipa ikiwa imetuna, upande wa kulia wa moyo ndio umechoka, na hayo maji yatamzamisha.

Nesi Makole: Umesahau waya wa umeme wa pampu unaotokea tumboni. Ukivutwa kidogo tu, ngozi inaachia, bakteria wanaingia. Ndiyo maana unafungwa kwa kishikizo, kidonda kinasafishwa kwa glovu safi. Na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, iwe 2 hadi 3: ikishuka damu inaganda, ikipanda utumbo unavuja damu.

Mzabibu: Sasa INR ya mtu wa Mpwapwa itapimwa wapi kila mara? Bima ianzie hapo.

Mbuyu wa Nkuhungu: Kumbe umehama! Ulikuja na pampu, sasa unaomba maabara.

Fundi Kisasa: Na wewe ulikuja na umeme, umeishia kwenye maiti.

Mbuyu wa Nkuhungu: Maiti ya masaa 17, sawa. Hapo nimerekebisha.