Naomba ushauri: nina uwezo wa kulipia, je niendelee na darasa la bure la vichanga?

MamaKichanga
Wakuu habari za humu. Siku zote huwa nasoma tu na kupita, leo limenifika, naomba mawazo yenu.

Nina mtoto wa miezi mitano, wa kwanza. Mimi na mume wangu wote tuna kazi nzuri. Siwezi kusema sisi ni matajiri, lakini hatuhangaiki. Mtaani kuna darasa la bure la vichanga na wazazi wao, linaendeshwa na watu wa kujitolea kwenye ukumbi wa jamii. Nililisikia kwa mtu wa mtaani, nikaenda kuchungulia, nikanogewa. Mnakaa duara kwenye mikeka, watoto wako katikati. Mwezeshaji anaimba nanyi mnaitikia, kisha anawaonyesha namna ya kumlaza mtoto kifudifudi na kumwekea kitambaa kilichoviringishwa chini ya kifua ili ajifunze kuinua shingo. Mara ya kwanza mwanangu alipoinua kichwa akanitafuta kwa macho, nililia mbele za watu.

Sasa juzi mama mmoja pale, tena kwa upole kabisa, akaniambia: "Wewe si ungeweza kulipia kwingine?" Tangu hapo sina raha. Madarasa ya kulipia yapo, na fedha ya kulipia ninayo. Je, nakosea kuendelea? Usajili wa muhula mpya unafungwa wiki hii. Tafadhali msinitukane.

KijikoChaMwisho
Bure ni bure mkuu. Hawajaweka mlangoni mizani ya kupimia mishahara. Nenda kaimbe, rudi nyumbani, maisha yaendelee.

BibiWaWajukuu
Mwanangu, mwenzio amekuambia kwa upole ili usione haya, lakini ujumbe umeupata. Mwenye nacho akishindania kitu na asiye nacho, hata akishinda hapati sifa. Sisi tulilea bila darasa lolote. Mimi mtoto wangu wa kwanza alilelewa na jirani yangu kuliko nilivyomlea mimi. Nilikuwa naumwa, yule mama akawa anakuja kila asubuhi anamchukua, anamwogesha, ananirudishia akiwa amelala. Hakuwahi kuniuliza kitu. Mpaka leo mwanangu akija kunitembelea anapita kwake kwanza ndipo afike kwangu, na mimi sinuni.

BabaMapacha
Tofauti kidogo na mada. Mimi niliwapeleka mapacha wangu kwenye darasa la namna hiyo mke wangu aliporudi kazini. Nilikuwa mwanaume peke yangu. Nikikaa huku wanasogea kule, na mwezeshaji kila akitoa maelekezo anasema "akina mama". Niling'ang'ana hivyohivyo, na mmoja wa watoto mpaka leo halali bila wimbo niliojifunzia pale. Kwa hiyo kabla ya kujadili tajiri na maskini, tujadili na akina baba wanaotazamwa kama wamepotea njia.

NesiMstaafu
Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto hadi nikastaafu. Mtoto wa umri huo hahitaji darasa, anahitaji mtu. Akizaliwa tu, anachokiona vizuri ni kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani uso wako anaponyonya. Darasa lake liko hapo. Kulazwa kifudifudi akiwa macho, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri walau dakika 30 kwa siku kwa asiyeanza kutambaa, zikigawanywa kidogo kidogo. Hilo linafanyika sebuleni kwako. Usingizi ni chali, msije mkachanganya.

Mwenye kuhitaji darasa ni mzazi. Shirika hilohilo linasema kama asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Nimewaona wake za wakubwa wakiingia kliniki wamependeza, mtoto kavikwa vizuri, halafu ukimwuliza "unalala?" machozi yanaanza kumtoka. Fedha haimkingi mtu na hilo. Kabla hamjamfukuza huyu, mwulizeni hali. MamaKichanga, unaendeleaje?

MamaKichanga
Ahsante sana mama. Sasa naendelea vizuri, miezi ile ya mwanzo hali haikuwa nzuri. Ndiyo maana nimepashikilia pale. Darasa la kulipia nililijaribu. Kila mtu yuko na simu yake anampiga mtoto picha, hakuna aliyeniuliza hata jina. Huku kwa bure nikikohoa tu, mtu ameshampokea mwanangu.

MchambuziWaSera
Mleta mada, suala lako lina pande mbili na zote zina uzito.

Ufini walianza mwaka 1938 kugawa sanduku la vifaa vya mtoto kwa akina mama wa kipato cha chini. Mwaka 1949 wakaamua apewe kila mjamzito, tajiri kwa maskini, mradi awe amefika kwa daktari au kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Sanduku likaacha kuwa alama ya umaskini, na wajawazito wakavutwa kliniki mapema. Huduma ikiachiwa maskini peke yao hukosa watetezi. Paa likivuja, wale wanaosikilizwa na wakubwa hawamo ndani kuloana. Kwa hoja hiyo, wewe kuwepo pale ni faida.

Upande wa pili, Uingereza walianzisha Sure Start mwaka 1999, vituo vya watoto wadogo katika maeneo yenye umaskini, mlango wazi kwa wakazi wote wenye watoto wadogo. Tathmini ya mwanzo, ya mwaka 2005, ilikuta waliofaidika ni wenye afadhali kidogo katika maeneo hayo, na wale waliokuwa na hali ngumu zaidi, kama mabinti waliozaa wakiwa wadogo, hawakufaidika. Tathmini za baadaye zilileta matokeo mazuri zaidi, lakini funzo lile lilibaki. Daktari Julian Tudor Hart, aliyetibu watu wa migodini Wales, alishaliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huadimika palepale inapohitajika zaidi. Mwenye nafasi hulisikia tangazo mapema, ana muda wa kujaza fomu, na haogopi kuuliza.

Kwa hiyo jibu langu linategemea kitu ambacho hukukitaja. Idadi ya watoto pale ina kikomo?

MamaKichanga
Ukumbi si mkubwa, lakini sijawahi kuona mtu akirudishwa mlangoni.

PilipiliManga
Hujajibu.

MchambuziWaSera
Nikuulize kwa njia nyingine. Kuna orodha ya wanaosubiri au hakuna?

MamaKichanga
Ipo. Imebandikwa mlangoni. Kuna majina kumi na mawili kwa wino, chini yake pamepigwa mstari kwa rula, halafu yanafuata majina ya penseli. Mtu akiacha, mwezeshaji anafuta jina la kwanza la penseli na kuliandika juu kwa wino.

Lakini naomba mnielewe, sikumruka mtu. Nilijiandikisha siku ya kwanza kabisa. Fomu haikuuliza kipato. Muhula ujao nimeshathibitisha jina langu, na sikai bure pale, mikeka mipya na manyanga ya watoto nimenunua mimi.

KijikoChaMwisho
Kumbe umeshathibitisha! Sasa sisi tunashauri nini, rangi ya mikeka?

BibiWaWajukuu
Mikeka ni jambo jema mwanangu, lakini usinunue mkeka kisha ukaukalia wewe.

PilipiliManga
Kuna unayemfahamu kati ya hao wa penseli?

PilipiliManga
Mbona kimya? Upo mtandaoni, tunakuona.

MamaKichanga
Nilikuwa nanyonyesha jamani.

Ndiyo, namfahamu mmoja. Ni dada anayenisaidia kazi za nyumbani. Naye ana mtoto, wamepishana na wangu wiki chache. Yeye ndiye aliyenipa habari za hilo darasa, alizisikia kliniki. Sikuliandika mwanzoni kwa sababu nilijua mtanirukia kabla ya kusoma mengine.

Nisikilizeni kwanza. Hata angepata nafasi asingeweza kwenda. Darasa ni asubuhi, siku ya kazi, na saa hizo yeye yupo kwangu. Mtoto wake anabaki na bibi yake. Simlipi vibaya, namlipa kuliko wengi ninaowafahamu. Na nikitoka darasani zile nyimbo namfundisha jikoni ili akamwimbie mwanawe. Anazipenda sana.

PilipiliManga
Ngoja nirudie kusoma. Asingeweza kwenda kwa sababu saa hizo yupo kwako, na wewe saa hizo upo darasani. Anayemzuia ni nani hapo?

MamaKichanga
Huo ni utaratibu wa kazi, sikuutunga kwa ajili ya darasa. Wewe kazini kwako unaruhusiwa kutoka asubuhi ukaimbe na mtoto?

MwanaSheriaWaMtaa
Niingie hapa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Mkataba namba 189 wa mwaka 2011 unahusu wafanyakazi wa majumbani, na unataka katika hifadhi ya jamii, uzazi ukiwemo, wasiwekwe chini ya wafanyakazi wengine. Mikataba hii inazibana nchi zilizoiridhia, lakini hata pasipo sheria ni kipimo kizuri cha kujipimia. Huyo dada alirudi kazini mtoto akiwa na umri gani? Na ananyonyesha saa ngapi? Kama mtoto hajafikisha miezi sita, inashauriwa anyonye maziwa ya mama peke yake.

MpimaChai
Wakuu naomba niweke breki. Hii ni chai, tena imekolea. Mwanzo alilisikia darasa "kwa mtu wa mtaani", sasa imekuwa dada wa kazi. Mwanzo ilikuwa ni kusemwa na mama mmoja, sasa kuna orodha, wino, penseli na rula. Kila mkichoka anatoa kipande kipya, na kila kipande kinauma kuliko kilichopita. Na mtu mwenye mtoto wa miezi mitano anapata wapi muda wa kujibu kila komenti? Mnaandikiwa hadithi nyie mnatoa mikataba ya kimataifa.

KijikoChaMwisho
Nilihisi. Ile "namfundisha jikoni" imepangwa vizuri mno.

BabaMapacha
Mimi siafiki. Mtoto wa miezi mitano ndiye anayekufanya uwe macho saa nane usiku na simu mkononi. Mapacha wangu walipokuwa na umri huo nilisoma nyuzi zote za humu, hadi za kilimo.

MamaKichanga
Dada anaishi mtaa huuhuu, kwa hiyo ni mtu wa mtaani, sikudanganya. Orodha sina sababu ya kuitunga. Anayetaka kuamini aamini. Nina shida na nimekuja kuomba msaada, siyo kupimwa.

NesiMstaafu
MpimaChai, hata kama ni hadithi, akina mama wa namna hiyo wapo wawili wawili kila mtaa. Nimewahudumia wote, mwenye nyumba na msaidizi wake, kwenye foleni moja, na watoto wao kadi zinafanana.

MtunzaWatoto
Naomba nami niseme. Iwe kweli au chai, mimi kazi yangu ni hiyo ya huyo dada, nyumba nyingine, na nina mtoto wa miezi minane.

Dada MamaKichanga, usije ukampa nafasi yako mbele za watu, wakakupigia makofi. Atakubali kwa sababu wewe ni bosi wake, hutajua anachotaka kweli. Na wanaotaka kusema "nendeni wote wawili", hapana. Bosi wangu aliwahi kunipeleka na mwanangu kwenye shughuli ya watoto. Nilimaliza siku nzima nimembeba wa kwake, wangu kakaa sakafuni ananiangalia. Bosi hakunituma nimbebe. Alilia, mikono yangu ikaenda yenyewe.

Kuhusu nyimbo za jikoni, nami huwa naletewa mambo kama hayo. Nashukuru, na ni kweli nayapenda. Lakini nikifika nyumbani mtoto ameshalala, nitamwimbia saa ngapi?

MamaKichanga
Hilo la kukuta mtoto amelala sikuwa nimelifikiria. Wa kwangu anatoka jioni.

Basi nisaidie wewe, nimwulizeje?

MtunzaWatoto
Mwulize kazi zikiwa zimeisha, siyo akiwa na mikono kwenye sufuria. Usianze na darasa, anza na muda. Mwambie kuna asubuhi moja kila wiki utamwachia, mshahara hautaguswa, angependa kuitumiaje. Akitaja darasa, ndipo mzungumzie nafasi. Akisema anataka kulala na mwanawe mpaka jua liwake, mwache alale, usimwambie darasa ni zuri kwake. Na hiyo asubuhi isiwe imerudi mwisho wa wiki kama kazi ya ziada. Tunazijua hizo.

MwanaSheriaWaMtaa
Na iandikwe. Hata kwenye kipande cha karatasi, kila mmoja abaki na nakala yake.

MchambuziWaSera
Kingine, zungumza na mwezeshaji. Mwulize kwa nini ni watoto kumi na wawili. Ni ukubwa wa ukumbi au ni mtu wa kuongoza kundi la pili? Kama kinachokosekana ni mtu wa kuongoza, fedha yako inaweza kufungua kundi la jioni, na hao wa penseli wote wakaingia, pamoja na wanaofanya kazi mchana. Hapo utakuwa umesaidia kuliko mikeka. Ila usimpangie, maana darasa ni lao. Wewe uliza, kisha usikilize.

MamaKichanga
La kundi la jioni nimelipenda. Je, nikitoa nafasi yangu, naruhusiwa kuandika jina langu kwa penseli?

PilipiliManga
Mwishoni kabisa mwa orodha, kama mwingine yeyote.

MamaKichanga
Sijasema natoa. Nimesema nitamwuliza dada kesho jioni kabla hajaondoka, na mwezeshaji nampigia asubuhi. Usajili unafungwa Ijumaa. MtunzaWatoto, nikikwama naomba nikuandikie hapahapa.

MtunzaWatoto
Niandikie. Ila iwe usiku, mchana simu naiweka mbali.