Mrejesho: Watoto ni wa ukoo wa baba?

Wapendwa, niliuliza kama mume wangu, tunayeachana, anaweza kunichukulia watoto kwa kuwa "ni wa ukoo wake". Mahakama hapa Moshi imeamua wakae na mimi.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, hutanguliza ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, ila baba anaweza kupinga kwa ushahidi. Mdogo ana 4. Mkubwa, 11, aliulizwa mwenyewe: hataki kuachana na mdogo wake. Nililia pale pale.

Mila nazo hutazamwa (mashemeji walizitaja, jamani!), lakini si peke yake. Baba atatoa matunzo. Likizo wataenda kwake Kibosho, kwa bibi yao.