Kurusha mubashara gemu la herufi tupu: kuna maana kwa asiyetafuta fedha?

mtembea_pango

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo ya wale ambao wamewahi kurusha mubashara magemu yasiyo na wapenzi wengi.

Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikicheza NetHack, gemu la kushuka mapangoni lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Kwa wasiolifahamu, picha zake zote ni herufi na alama za kibodi: mchezaji ni alama ya @, mbwa wake ni herufi d, kuta ni vistari, na ukifa umekufa kweli, unaanza upya juu kabisa ukiwa mikono mitupu. Lina aina 13 za wahusika, nami nimewahi kulimaliza kwa aina nne tu. Nimeamua kuzifuatilia tisa zilizobaki hadharani, kila mtu anayependa aone, bila kutarajia kulipwa na bila ndoto ya kuwa maarufu. Ninalipenda gemu hili na nimechoka kulipenda peke yangu.

Mwezi uliopita nilirusha mara sita, na nimekwama mahali pawili. Kwanza, picha inapomfikia mtazamaji, herufi za rangi huwa zimepakaa kama wino uliomwagiwa maji. Mtu mmoja tu amewahi kuniandikia kwenye gumzo, na alichouliza ni kwamba ile “e” iliyosimama mbele yangu ilikuwa ya rangi gani. Wanaolijua gemu wataelewa uzito wa swali hilo. Pili, idadi ya watazamaji inaposoma sifuri kwa saa nzima, sauti yangu hukauka yenyewe na najikuta nacheza kimya. Nimefikiria kuweka muziki ili kuziba ukimya huo. Kasi yangu ya kupakia ni kama megabiti 5 kwa sekunde, na kompyuta yangu ni ya kawaida. Je, niendelee, na nibadilishe nini?

kibodi_nzee

Ndugu mtembea_pango, tatizo lako la kwanza lina sababu inayojulikana, na halitokani na udhaifu wa kompyuta yako wala wa intaneti yako.

Video inayorushwa mtandaoni hutenganisha mwanga na rangi. Mwanga huhifadhiwa kwa kila nukta ya skrini, ilhali rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, kwa hiyo nukta nne hugawana kipimo kimoja cha rangi. Kwa uso wa mtu au mandhari ya milima hasara hiyo haionekani. Kwa herufi nyembamba juu ya skrini nyeusi ni balaa, na anayeumia kuliko wote ni bluu, kwa sababu katika hesabu ya mwanga inayotumika kwenye video za kisasa, kijani huchangia takriban asilimia 72, nyekundu 21, na bluu 7 tu. Maana yake ni kwamba herufi ya bluu iko karibu yote ndani ya ile sehemu iliyopunguzwa. Na kwa bahati mbaya, herufi ya bluu ndiyo jicho linaloelea! Wasiocheza gemu hili wajue kwamba jicho hilo ukilipiga kwa mkono unaganda mahali ulipo, na chochote kinachopita kinakumaliza taratibu. “E” hiyohiyo ikiwa nyeupe ni tufe la barafu, na ikiwa nyekundu ni tufe la moto. Yaani mtazamaji wako aliuliza swali ambalo picha yako ilipaswa kumjibu.

Dawa ni kuanzia kwenye herufi zenyewe kabla ya kugusa mipangilio ya video. Skrini ya asili ya gemu hili ina safuwima 80 na mistari 24. Ukirusha kwa nukta 1280 kwa 720, kila herufi inaweza kupewa kisanduku cha nukta 16 kwa 30, na skrini yote ikajaa bila kubaki kipande. Chagua fonti nene inayokaa katika vipimo hivyo, kisha katika OBS, ile programu ya kurushia na kurekodi video, hakikisha dirisha halipunguzwi wala halikuzwi hata kidogo, maana kila unapolinyoosha kwa kiasi kisicho namba kamili, kingo za herufi zinavurugika kabla hata video haijabanwa. Halafu ingia kwenye rangi za dirisha la herufi uing’arishe bluu. Usiing’arishe kupita kiasi, kwa sababu tufe la umeme nalo ni “e” ya bluu angavu, na utakuwa umetatua fumbo moja kwa kuzalisha jingine.

Kuhusu kasi, fremu 30 kwa sekunde zinakutosha kabisa, kwani hakuna kinachokimbia. Skrini yako hutulia muda mwingi, kwa hiyo kilobiti 2,500 kwa sekunde zitakupa herufi safi na bado utakuwa umebakiza nusu ya uwezo wako wa kupakia, akiba ambayo utaihitaji siku mtandao ukiyumba. Ukijumlisha na sauti, hesabu inakuja kama gigabaiti 1.2 kwa saa. Ukiwa unatumia bando la kupimiwa, panga siku zako kwa hesabu hiyo, na usishawishike na wanaosema bila kilobiti 6,000 hujarusha kitu, kwani hizo zitakula gigabaiti 2.7 kila saa kwa faida ambayo gemu la herufi haliwezi kuionyesha.

Jambo la mwisho, ingawa hukuliuliza. Jamii ya NetHack ilikuwa na namna yake ya kutazamana hata kabla Twitch, jukwaa la kurushia magemu mubashara, haijaanza mwaka 2011. Ukicheza kwenye seva ya umma, mtu yeyote anaweza kuunganisha dirisha lake la herufi akakutazama unavyocheza, na kinachosafiri ni herufi zenyewe wala si picha zake, kwa hiyo hazipakai kamwe na zinapita hata kwenye mtandao dhaifu sana. Kasoro yake ni kwamba hasikii sauti yako. Mimi ningechezea huko huku nikirusha video kwa wakati mmoja, na anayetaka usafi wa herufi afungue vyote viwili.

sauti_ya_pili

Kwenye suala la muziki nitakuwa mfupi. Acha. Mwaka 2020 warushaji wengi wa Twitch walipokea madai ya hakimiliki kwa sababu ya nyimbo zilizosikika katika rekodi zao za zamani, na wapo waliolazimika kufuta kazi ya miaka kadhaa kwa siku moja. Ukiamua lazima uwe nao, tumia ule ambao mwenyewe ameuruhusu kwa maandishi. Lakini fedha na muda ambao ungeutumia kutafuta muziki, uweke kwenye kipaza sauti na ukiweke mbali na kibodi, kwa sababu gemu lako halina sauti yoyote ya kuificha ile milio ya vitufe.

daftari_la_shimoni

Mwenzetu, nimerusha gemu la aina hii kwa takriban miaka mitatu, na siku nyingi watazamaji wangu huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Naomba nikujibu kuhusu ukimya, kwa sababu naona wenzangu wamelishughulikia kwa vifaa tu.

Unakauka sauti kwa sababu unamsubiri msikilizaji afike ndipo uanze kusema. Mimi nilipoanza nilifanya vivyo hivyo, kisha nikasikiliza rekodi yangu mwenyewe na kukuta dakika arobaini za mtu anayepumua. Anayeingia ghafla kwenye kituo cha namna hiyo haoni mchezo unaofikiriwa kwa kina. Anaona alama ya @ ikitembea, na mtu amenyamaza. Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti moja: sibonyezi kitufe cha uamuzi mzito kabla sijasema kwa sauti ninaona nini, ninahofia nini, na ninakwenda kufanya nini. Gemu lako linakuruhusu, kwa kuwa hakuna kiumbe kinachosogea mpaka wewe usogee. Anayerusha gemu la risasi hawezi kusimama dakika tano kumweleza mgeni kwa nini mzoga wa kokatrisi, kiumbe ambaye ukimgusa unageuka jiwe, haushikwi bila glavu. Wewe unaweza, na hata ule ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kati yako na mtazamaji haukudhuru, maana unaweza kuuliza swali, ukanyoosha mgongo, ukasubiri jibu lifike.

Na usidhani unaongea na hewa. Sehemu kubwa ya watu wanaonifahamu leo walinikuta kwenye rekodi, miezi baada ya mhusika wangu kufa. Kwa sababu hiyo rekodi ipe heshima kuliko tangazo lenyewe. Twitch hufuta matangazo yaliyopita baada ya muda, na majukwaa yenyewe hufa: Justin.tv, iliyoizaa Twitch, ilifungwa mwaka 2014, na Mixer ya Microsoft ikafuata mwaka 2020. OBS inaweza kurekodi kwenye diski yako huku inarusha. Chagua umbo la faili la MKV, kwa sababu MP4 ya kawaida ikikatizwa na umeme kabla ya kufungwa vizuri, mara nyingi haifunguki tena.

Ile namba ya watazamaji ifiche. Twitch inaruhusu mrushaji asiione. Kisha andika wazi kwenye maelezo ya kituo chako kama unataka ushauri au hutaki. NetHack ina siri nyingi, na wapo watakaokuja kukufunulia kila kitu kwa nia njema kabisa. Nilipoteza furaha ya mhusika mmoja mzima kwa sababu sikuthubutu kumwambia mgeni wangu wa pekee aninyamazie.

Faida moja ya uchache wetu ni hii: katika kundi la gemu lenye warushaji maelfu, mwenye watazamaji wawili yuko chini kabisa mahali ambapo hakuna anayefika. Katika kundi letu, wawili hao wanaweza kukuweka juu ya ukurasa.

nilishaacha

Ninaheshimu yote yaliyosemwa hapo juu, ila pana upande ambao haujaguswa. Nilirusha kwa miezi minane, mara tatu kwa wiki, kwa ratiba niliyoitangaza mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyelalamika nilipokosa. Hata hivyo ilifika mahali nikawa siwezi kufungua lile gemu bila kuwasha kipaza sauti, na kucheza kwa siri nilikuona kama kupoteza kazi. Nililiacha gemu lenyewe pamoja na matangazo, na ilinichukua mwaka mzima kulirudia. Ukianza, tenga mhusika mmoja ambaye hutamrusha kamwe.

mtembea_pango

Asanteni sana, wakuu. Jana usiku nilipanga visanduku vya nukta 16 kwa 30 kama kibodi_nzee alivyoeleza, nikaing’arisha bluu, kisha nikajitazama kwa simu: jicho linaloelea linaonekana kuwa la bluu hata nikiishika simu kwa urefu wa mkono. Muziki nimeuacha.

Sharti la daftari_la_shimoni la kusema kabla ya kubonyeza ni gumu kuliko nilivyotarajia. Nilirusha saa mbili, nikajikuta nagundua kwamba mambo mengi ninayoyafanya kwa mazoea siwezi kuyaeleza sababu, na mawili kati yake yalikuwa makosa tangu zamani. Nilimaliza mchezo nikiwa hai katika ghorofa ya sita, jambo ambalo kwa mhusika mchawi si kawaida yangu.

Nilishaacha, ushauri wako nimeuchukua kama ulivyo. Kati ya wale tisa, mtalii nitamcheza peke yangu, bila rekodi. Wanane waliobaki nitawarusha siku nitakazojisikia, na ratiba sitaitangaza. Mchawi wa jana nimemhifadhi hapohapo kwenye ngazi; kuna “e” nyeupe upande wa mashariki, na bado sijasema kwa sauti nitaifanyia nini.