Utafiti wa kansere ya damu, mtu anaanzia wapi?

Mtoto wa Kadutu: Bakubwa jambo, niko nasoma medesini hapa Bukavu na kichwa yangu yote iko kwa kansere za damu, lesemi, limfoma na zingine, sasa kwetu banasema heri nifanye upasuaji juu kule njo kuko makuta. Kazi ya utafiti inaanzaka je, ao ni ya bale ba Ulaya tu?

Yaya wa Ibanda: Nani alikuambia ni ya Ulaya? Daktari Burkitt alikuwa anafanya kazi Kampala, mu Uganda, ni hapa jirani, mu 1958 akaandika juu ya uvimbe wa mataya ya batoto, yenye ni aina ya limfoma, na mu 1964 mutafiti Epstein na benzake bakaona virusi ndani ya zile seli. Tena Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, kwa hiyo bazazi bako nabo usibacheke 😂

Laborantin: Mudogo, maliza kwanza udaktari, kisha ematolojia, ni kusema masomo ya magonjwa ya damu, na ujizoeze kuangalia damu kwa mikroskopu mpaka macho iume. Kingereza pia, makala karibu yote iko mu kingereza. Na subira! Ile kromozomu ya Philadelphia, kasoro ya urithi ndani ya seli za lesemi sugu ya miyeloide, baliiona 1960, dawa yenye inalenga ile kasoro, imatinibu, ikaruhusiwa Marekani 2001. Batu balizeekea mu ile kazi.

Mtoto wa Kadutu: Aksanti sana yaya. Na makuta?

Laborantin: Utaishi na bursi, ni kusema makuta ya ufadhili, ikiisha unatafuta ingine. Minakuambia mapema.