WRX ya turbo: geji zipi, na paipu gani ya petroli?

Abuu wa Tudor: Assalam aleikum wakuu. Nina Subaru Impreza WRX, GC8 (namba ya aina ya bodi) ya 2003, injini ya EJ20 turbo, nimeongeza busti (presha ya hewa ya turbo) kidogo na kutia pampu ya petroli ya Walbro ya lita 255 kwa saa. Nataka geji tatu za kukaa ndani ya gari kwenye nguzo ya kioo, kuna anaesema busti, kuna anaesema oili, kuna anaesema presha ya petroli. Na paipu, za mpira ama za kusukwa kwa chuma? Nijibuni haraka, gari nalitegemea.

Fundi Jomvu: Kaka, busti yapendeza machoni lakini haikuokolei injini. Anza na presha ya oili, EJ20 ikikosa oili beringi za konrodi ndizo za kwanza kwenda. Ya pili mchanganyiko wa hewa na petroli, kwenye busti kamili iwe karibu na 11 za hewa kwa 1 ya petroli, ile 14.7 ni ya kutembea taratibu. Ya tatu presha ya petroli: chomoa hozi ya vakyumu kwenye regyuleta isome kama 43 psi, halafu ukiirudisha hozi, kila psi ya busti nayo ipande moja.

Mkaazi wa Likoni: Geji sizijui, najua tu nyinyi vijana mwakimbiza magari usiku Links Road na watu wanavuka. Tieni breki kwanza.

Salim Altezza: Mimi niliuziwa paipu ya kabureta kwenye duka moja nikaambiwa zote sawa, ikavimba mpaka ikatoa jasho la petroli kando ya klampu, niko foleni ya feri na jua lile, nikazima nikasukuma na abiria wa matatu wakanipigia makofi. Soma ubavuni mwa paipu, 30R7 ni ya kabureta, ya injekshen ni 30R9.

Abuu wa Tudor: Shukran. Lakini fundi wangu asema geji ya presha ya petroli ya mshale, isiyotumia umeme, ni sahihi kuliko ya umeme. Hiyo paipu yake ishafungwa.

Fundi Jomvu: Ishafungwa wapi? Geji ya mshale petroli yafika mpaka mgongoni mwake.

Abuu wa Tudor: Hapo kwenye nguzo. Imepita tundu la waya. Asubuhi kuna harufu kidogo, nikifungua vioo yaisha. Paipu yenyewe ya kusukwa, si ya ovyo, na fundi ni mtu mzima.

Bi Zuhura: Mwanangu, gari walitegemea kwa kazi gani?

Abuu wa Tudor: Kupeleka watoto skuli. Lakini twaenda polepole, busti haiingii.

Fundi Jomvu: Hata injini ikiwa sailensa, yaani yanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, petroli iko na presha mle ndani ya paipu! Na chuma cha nje kitang'ara huku mpira wa ndani ushakauka na kupasuka. Toa leo. Weka sensa kwenye reli ya injekta, ndani uingie waya peke yake. Paipu za kusukwa chukua zenye tefloni ndani.

Mzee wa Chesisi: Uzi wa kutunga huu. GC8 ziliisha 2000, ya 2003 imetoka wapi? Lete picha.

Salim Altezza: Kweli bwana, 2003 ni GD.

Abuu wa Tudor: Logbuku yasema 2003. Injini ndiyo iliyotoka kwa GC8, ndio fundi huliita hivyo. Mimi nitunge harufu ya petroli nipate nini?

Mzee wa Chesisi: Picha ya namba ya chesisi basi, ufiche za mwisho.

Bi Zuhura: GC8 ama si GC8, kesho watoto waenda na nini?

Abuu wa Tudor: Tuktuk. Betri nishachomoa. Fundi Jomvu, hiyo sensa ni nyuzi gani?

Fundi Jomvu: Nyingi huja 1/8 NPT (kipimo cha nyuzi za kukazia paipu), pima yako kabla hujanunua adapta. Na ile tepu nyeupe ya mifereji usitie, kipande kikikatika kinakwenda kuziba injekta.